Kipepeo wa Masanduku Mawili

Kaa vizuri, maana nchi yenyewe haina jina, na ukipotea humo hakuna atakayekuuliza unatoka wapi. Ilikuwepo zamani, au itakuwepo wiki ijayo. Wenyeji walishachoka kubishania hilo. Ni nchi ya nyasi za rangi ya mgongo wa simba, ya migunga inayosimama mbalimbali kama ndugu walionuniana msibani, na ya mawe makubwa yaliyokaa vilimani yakingoja kuambiwa yainuke. Mvua ya huko hainyeshi ovyo. Hunyesha ikishatangazwa na Ofisi ya Misimu, na ikitokea ikanyesha kabla ya tangazo, watu hawaruhusiwi kulowa.

Ndani ya ofisi hiyo kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda masanduku mawili ya mbao yenye vioo. Katika sanduku la kushoto alilala kipepeo wa buluu, buluu nzito ya wino uliomwagika. Katika la kulia alilala mwekundu, wekundu wa kaa la moto lililopulizwa. Wa kwanza aliitwa Kiangazi, wa pili aliitwa Masika. Inasemekana mwanzo wa mambo yote Mtunza Masanduku wa kwanza alikaa kilimani akiitazama mbuga, akaona vipepeo wa buluu wanapungua, wanapungua, mpaka wakaisha, na wiki hiyohiyo wekundu wakajaa kila mahali. Ungekuwa wewe ungejikuna kichwa kwanza. Yeye alichovya kalamu akaandika: Wekundu wamewafukuza wa buluu. Sentensi moja. Kisha akaenda zake kula.

Sentensi hiyo ikazaa. Ikazaa sheria, sheria ikazaa ua wa miiba uliokata mbuga katikati, na ua ukazaa lango jembamba la kupita mtu mmoja, tena asiwe mlaji sana. Aliyezaliwa kiangazi akafungwa shuka la buluu, aliyezaliwa masika akafungwa jekundu. Shuka lilikuwa ndilo jina la mtu: ukilichana hufi, ila kuanzia hapo hakuna anayekuona. Upande huu wakawekwa wa masika, upande ule wa kiangazi. Na kwa kuwa mimba haisomi kalenda, kinamama wa kiangazi waliozaa watoto wa masika waliruhusiwa kukaa upande huu kama wageni, wawalee mpaka watoto wafikishe misimu arobaini. Ikifika hapo, mtoto alimkana mama mbele ya watu, na mama akavuka lango. Hakurudi tena.

Si kwamba walikuwa mbali. Ungeweza kuwaona kupitia miiba wakitwanga. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya ua ilikuwa jana. Wala si jana ya enzi za mababu. Jana ya kawaida, ya siku moja nyuma, kila siku. Neno likisemwa kule leo, huku lilikwisha kusikika jana. Kwa hiyo ukimwuliza mamako hali yake kupitia miiba, jibu lilikupita tangu jana ulipokuwa unachunga mbuzi, na leo unaona midomo yake inacheza tu, kimya. Ofisi ilikuwa na daftari maalumu, Daftari la Majibu Yaliyotangulia, ambamo kila sauti iliyoletwa na upepo iliandikwa ikangoja swali lake. Mengi hayakupata swali. Watu huchoka kuuliza.

Sasa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mpiga pini wa Ofisi ya Misimu, na hakukuwa na mwingine. Kazi yake ilikuwa kumchukua kipepeo aliyekauka, kumlaza ndani ya chupa yenye mchanga mbichi mpaka viungo vilainike, kumtandaza mabawa juu ya ubao wenye mfereji, na kumpitishia pini kifuani bila kuangusha hata punje ya ule unga wa rangi. Mikono yake ilikuwa mitulivu kama maji ya kisimani. Mdomo wake ndio haukutulia. Alimwambia askari wa lango kwamba amekonda kwa kulinda jana, sasa alinde na keshokutwa kidogo anenepe. Alipoulizwa kwa nini anawachekea marehemu kwenye ubao, alisema ni wao walioanza.

Bosi wake, Bwana Lugembe, Mtunza Masanduku wa sasa, alimvumilia kwa sababu moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Ulianza siku moja ya zamani, haukuacha tena, na mkono unaotetemeka ukimshika kipepeo hubaki na vumbi. Basi Lugembe aliandika, kwa mwandiko wa panya aliyekanyaga wino, na Nyamizi akapiga pini.

Masika yaliyokuwa yanakuja yalikuwa msimu wa arobaini kwa Nyamizi.

Mamake aliitwa Holo, mfinyanzi, mwanamke wa shuka la buluu lililopauka kwa moshi wa joko lake la kuchomea vyungu. Sauti yake nayo ilikuwa na mkwaruzo wa moshi, kama mtu anayeongea huku akipuliza moto. Barua ilipofika ya kumtaka ajitayarishe kuvuka mara wingu la kwanza litakapotangazwa, Holo alimwomba mleta barua amsaidie kugeuza chungu, na mleta barua akageuza, akapaka udongo hadi viwikoni, akasahau kudai sahihi. Walipobaki wawili, mama aliuliza kitu kimoja tu: mwanawe ameshachagua kipepeo?

Maana desturi ya Kukana ilikuwa hivi. Mtoto alipewa mto wenye pini arobaini, moja kwa kila msimu aliolelewa. Pini thelathini na tisa alizirudisha ofisini. Ya arobaini alimchoma nayo kipepeo wa buluu aliye hai, kwa mkono wake mwenyewe, na kusema: Mimi si yeye.

Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga wa kazi yake? Nyamizi, aliyewacheka watu wote, alitaka kipepeo mzuri. Siku yake ya kukatwa na mamake inakuja, na yeye anawaza mabawa yasiwe yamechakaa kingoni. Akapanda mawe mapema, wakati wa buluu wa mwisho walikuwa bado wapo, akamkuta jike limetulia kwenye kichaka chenye harufu inayokaribia mrehani, akalitia ndani ya mkunjo wa shuka, akalipeleka nyumbani likiwa hai. Hilo peke yake lilikuwa kosa. Kitu kilicho hai hakina jina, na kisicho na jina hakiruhusiwi kupita mlangoni. Kwa hiyo alilipitisha dirishani.

Jike lile halikungoja kuchomwa. Lilitaga mayai juu ya tawi aliloliwekea, likapunga mabawa mara mbili tatu, likafa kifo chake lenyewe. Mayai yakatoa viwavi wenye miiba, walafi kama wageni wa harusi. Nyumbani kwa Holo kulikuwa kumejaa vyungu, nafasi hakuna, basi mama akalivunja tawi vipande viwili: nusu akaitia ndani ya chungu kando ya joko, nusu ndani ya mtungi wenye ufa uliokaa kivulini ukivuja ubaridi mchana kutwa. Akaongeza majani, akaendelea na udongo wake. Siku zikapita, kwa mpangilio uliokuwa umebaki. Viwavi wakajining'iniza kichwa chini, wakawa vifukofuko vya rangi ya majani makavu, na kwa muda kukawa hakuna kitu ndani ya vyombo vile isipokuwa kungoja.

Asubuhi moja Nyamizi akainama juu ya mtungi. Wa buluu. Watatu, wa nne akijinyoosha. Akatabasamu, kipepeo wake amepatikana. Akainama juu ya chungu cha kando ya joko.

Akakaa chini.

"Mama," alisema, "umechanganya matawi."

"Tawi lilikuwa moja. Nililivunja mwenyewe kwa goti."

"Huyu mwekundu katoka wapi?"

"Katoka motoni." Holo hakuinua macho kutoka kwenye udongo. "Vyungu vyangu hivi udongo ni mmoja, Nyamizi. Kinacholambwa na moto kinatoka chekundu, kinachofunikwa na moshi kinatoka cheusi. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza vyeusi vimefukuzwa na nani."

Hapo mambo yakateleza. Nyamizi alitazama vidole vyake: vya kulia vilikuwa na unga wa buluu, vya kushoto unga mwekundu, na hakukumbuka kuwa aligusa kitu. Alikuwa na miaka sita, alikuwa na miaka sitini. Alikuwa ndani ya chupa yenye mchanga mbichi akilainika. Mtu aliyeinama juu ya ubao alikuwa na uso wake, naye alikuwa anamtandaza kwa upole mkubwa, na upole ule ndio uliomtia hasira.

Nani aliyesema, Nyamizi aliwaza, lazima niwe niliyekuwa?

Na nani aliyesema nisiwe?

Nilizaliwa kukinyesha. Kama mama angechelewa siku tisa ningezaliwa kukiwa kumekauka. Siku tisa. Kwa siku tisa mimi ni adui wa maziwa niliyonyonya.

Pini haiulizi. Pini ina upande mmoja tu wenye ncha, na aliyeishika hukaa upande ule mwingine. Ndiyo elimu yote ya Ofisi ya Misimu, na mimi nimeifundisha kwa vidole hivi.

Wa buluu hawakufukuzwa. Walizaa. Mtu anazaa, anakufa, mwanawe anatoka amevaa joto la siku yake, halafu bwana mmoja kilimani mwenye njaa anaandika.

Kama mtu mzima na akili zake aliangalia mtoto na mama, akaona vita, sasa mimi niliangalia nini miaka yote?

Aliinuka, akakung'uta shuka, akachukua chungu na mtungi, akaenda ofisini. Ilikuwa siku moja kabla ya wingu la kwanza.

Alimwamkia Bwana Lugembe shikamoo kama kawaida, akafunua vyombo mezani. Mzee akaviinamia. Uso wake ulilegea, akawa kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyozaliwa.

"Wako hai?" aliuliza.

"Wako hai."

"Basi siwezi kuwaona, binti."

Nyamizi akamweleza hata hivyo: jike moja, tawi moja, goti la mamake, joko, mtungi. Akamwonyesha na jambo jingine, ambalo lilikuwa ndani ya sanduku la kushoto siku zote: pembezoni mwa mabawa ya yule wa buluu kulikuwa na msururu wa madoa mekundu, madogo kama mbegu. Amelala hapo na wekundu wake vizazi kwa vizazi, na hakuna aliyemwuliza ameupata wapi. Mzee akasema madoa hayo ni majeraha ya vita. Akasema hata kama maneno ya binti yana ukweli, bado lazima mmoja awe wa kweli na mwingine awe vazi tu. Kitu hakiwezi kuwa viwili.

"Mzee, asubuhi ulikuwa na njaa na sasa umeshiba," Nyamizi alisema. "Yupi kati yenu ndiye Lugembe, nimpe salamu zake?"

Lugembe akacheka. Kicheko kilimtoka vizuri, cha ujana, kisha kikagonga kitu ndani yake kikasimama. Mkono wa kulia ulianza kucheza juu ya meza, na yeye akauwekea wa kushoto juu, kama mtu anayemtuliza mtoto kanisani.

Alisema alikuwa na mama. Alisema pini ya arobaini ilikuwa baridi, na kwamba tangu alipotamka maneno yale mkono haujarudi kwake, uko tu hapo, umeazimwa. "Nikiifuta sentensi ile," alisema, "wale wote niliowavusha nitawaambia nini? Kwamba mtu alikuwa na njaa?"

Nyamizi akamsogezea chungu karibu zaidi. Papo hapo upepo ukaja kutoka ng'ambo ya ua, ukapita kwenye miiba, ukaleta sauti ya mwanamke yenye mkwaruzo, ikasema maneno mawili:

"Andika mmoja."

Lugembe akavuta Daftari la Majibu Yaliyotangulia, akaandika maneno hayo kwa mwandiko wa panya, akaweka tarehe. Akauliza hewa swali lake ni lipi na la nani. Nyamizi aligeukia dirisha. Aliifahamu sauti hiyo. Ilikuwa imemwimbia. Lakini mwenye sauti alikuwa nyumbani, upande huu, leo, akisugua chungu kwa kokoto. Alifunika vyombo vyake akaondoka bila kuaga.

Wingu likatangazwa kesho yake saa nne.

Watu walikusanyika langoni wakiwa na nyuso za kuhudhuria jambo lisilowahusu. Lugembe alisimama na kigoda chake, masanduku yake na daftari lake. Holo alikuja na udongo kwenye kucha. Alisema hakuona sababu ya kunawa, kwani jana alikuwa hajanawa pia na huko ndiko anakokwenda. Wachache walicheka wakajifanya wanakohoa. Mvua, kwa mujibu wa tangazo, ingenyesha baada ya lango kufungwa.

Askari akamwongoza Holo hadi kizingitini. Mama akaweka mguu mmoja ng'ambo. Papo hapo nusu yake ikafifia kidogo, kama kitu unachokumbuka. Akamgeukia mwanawe, maana sheria ilitaka mtu akanwe akiwa anatazama.

Nyamizi akapewa mto wa pini. Akapewa kipepeo wa buluu aliyetoka ndani ya mtungi, akimpigapiga kwenye viganja kama moyo mdogo uliotolewa nje. Watu wote walikuwa wanamtazama, na yeye alikuwa anatazama yale madoa mekundu. Akafungua mikono.

Kipepeo akatua juu ya daftari, akapanda, akavuka ua akaenda jana, akaona hakuna tofauti, akarudi. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini kwamba lile halipo kwenye utaratibu.

"Sema maneno yako, binti," Lugembe alisema. Mkono wake ulikuwa unapiga daftari kama ngoma.

Nyamizi akamsogelea mamake. Akachukua pindo la shuka lake jekundu, akachukua pindo la lile la buluu lililopauka, akayapanga kingo kwa kingo kama anavyopanga mabawa, na akapiga pini. Ya kwanza ilikuwa ya msimu wa surua, mama alipomfunga mikono asijikune. Ya pili ya msimu waliokula mizizi wakaiita nyama. Alipiga taratibu, kwa ustadi wake wote, kila pini ikiingia kupitia nyuzi tatu za huku na tatu za kule, ikikunjwa ncha kwa kucha na kufichwa ndani ya mshono, na kila alipofika msimu aliokuwa haukumbuki mama aliusema kwa midomo naye akausoma. Hakuna aliyemzuia. Huenda walidhani ni sehemu ya desturi ambayo hawakuwahi kuiona ikifanywa vizuri. Alipopiga ya arobaini hakukuwa na mashuka mawili tena langoni. Kulikuwa na nguo moja yenye rangi mbili, na watu wawili ndani yake, mmoja yuko leo na mwingine ana mguu jana.

"Maneno yangu ndiyo hayo," alisema.

Askari akamvuta Holo kuelekea ng'ambo. Nguo ikakaza, na umati mzima ukavuta pumzi: usichane! Akamvuta Nyamizi kuelekea huku. Nguo ikakaza tena. Akafikiria kuwapitisha wote pamoja, lakini lango lilijengwa kwa mtu mmoja. Akafikiria kulifunga. Halikufungika. Akamgeukia Mtunza Masanduku ili mtu mwenye cheo afikirie badala yake.

Lugembe akaja, akapiga goti kwa shida, akajaribu pini ya kwanza. Mkono wake ulipofika kwenye nguo ulitetemeka kiasi kwamba pini ilimchoma yeye.

"Zitoe," alimwambia Nyamizi.

"Hiyo ni kazi ya mkono uliotulia, mzee. Nchi nzima uko mmoja tu, na leo umeshika mkono wa mama."

Mzee alibaki pale chini, kidole mdomoni kama mtoto. Aliitazama nguo ile, mahali buluu ilipokutana na nyekundu, na hakuona jeraha lolote. Kisha kazi ya miaka mingi ikamshika, maana mtu akichanganyikiwa hurudia anachokijua. Akafungua daftari, akachovya kalamu, akamwinulia Holo uso. Akauliza kwa sauti ya kawaida ya ofisini, ila ilipasuka katikati:

"Nani kavuka na nani kabaki? Niandike wangapi?"

Holo akaegemeza kichwa na mabega ng'ambo, ndani ya jana, akafungua kinywa. Midomo ikacheza. Huku haikusikika sauti yoyote.

Lugembe akangoja. Halafu, polepole, kama mtu anayefunua shuka lililomfunika maiti anayemfahamu, akafunua ukurasa wa nyuma. Mwandiko wa panya. Tarehe ya jana. Maneno mawili.

Akayasoma. Akawatazama. Akayasoma tena, na safari hii midomo yake ilitamka jina jingine, la mwanamke aliyevuka zamani, ambalo hakuwa na ruhusa ya kulitamka. Kisha akaweka kalamu kwenye karatasi na kuandika, na wale waliokuwa karibu wakaona ajabu: mstari ulitoka umenyooka.

Tone la kwanza lilidondoka juu ya kioo cha sanduku la kushoto. La pili juu ya lile la kulia. Lango lilikuwa wazi bado, tangazo lilikuwa halijatimia, na askari alipaza sauti kuwakumbusha watu kwamba hiyo si mvua.

Watu wakasimama palepale, wakalowa.